Kwaresima Niliyoinywa

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Nimetoka kanisani na majivu usoni, na kabla sijafika nyumbani nimeshakula soseji mbili ndani ya gari. Nilikumbuka ni siku gani wakati ile ya pili imebaki nusu. Nikaimaliza. Dhambi nusu ni dhambi tu.

Muuguzi wa hospitali ameniambia niandike kila ninachokunywa na jinsi ninavyojisikia. Ya kunywa nitampa yeye. Haya mengine ni yangu.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 25 Machi Daktari Vang atanipasua na kulipunguza tumbo langu libaki jembamba kama ndizi. Kuanzia Jumatatu mpaka siku hiyo sitatafuna kitu. Ni vya kunywa tu: maziwa ya unga wa protini, supu iliyochujwa, jeli isiyo na sukari, maji. Wengine hupewa wiki mbili. Mimi nimepewa mwezi mzima, maana ini langu limejaa mafuta na limelala juu ya tumbo kama ng'ombe aliyelala mlangoni. Lisipopungua, daktari hana pa kupita. "Nikifungua nikalikuta bado nene, nafunga, na wewe unarudi nyumbani ulivyokuja," alisema. Ni mwanamke mfupi, hafiki begani kwangu, lakini hana mzaha hata kidogo.

Sikatwi kwa ajili ya urembo. Dada yangu Colette figo zake zimekufa. Mwaka wa tatu huu anasafishwa damu kwa mashine, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Damu yetu ni kundi moja. Nilikwenda kimyakimya kwenye hospitali ya kupandikiza viungo, wakanipima, wakasema: figo zako ni nzuri, bwana Wierzba, ila kwa uzito huo hatukugusi. Punguza ratili mia kwanza. Nimekuwa nikijaribu kupunguza hizo ratili mia tangu nina miaka ishirini, na sasa nina hamsini na mbili.

Colette hajui. Mwaka juzi binamu yetu Todd alimwahidi figo, akapimwa, akakutwa na kisukari. Colette alikaa wiki nzima hafungui pazia. Siwezi kumpa ahadi mbovu ya pili. Nitamwambia mambo yakiwa tayari.

Ijumaa, 20 Februari

Ijumaa ya kwanza ya samaki, tunaowakaanga na kuwauza ukumbini mwa kanisa kila Ijumaa ya Kwaresima badala ya nyama. Foleni ilitoka ukumbini, ikapanda ngazi, ikafika kwenye theluji. Mimi ndiye mkaangaji mkuu, kama baba alivyokuwa. Desturi ya parokia yetu ni kwamba samaki wa kwanza kutoka kwenye mafuta analiwa na mkaangaji mbele ya watu, halafu Padre Gosz anagonga kengele, ndipo sahani zinaanza kutembea. Nilimla huyo wa kwanza, nikamla na wa pili, na sijui wa mwisho alikuwa wa ngapi. Nilikuwa naaga.

Jumatatu, 23 Februari

Kikombe cha kwanza. Pakiti inasema chokoleti. Aliyeandika hivyo hajawahi kuonja chokoleti, au hajawahi kuonja chaki.

Kazi yangu ni kuendesha lori la maziwa. Tangu alfajiri nimezunguka kwenye mazizi nikivuta maziwa ya watu, tangi zima liko mgongoni mwangu, na mimi nimeketi mbele nakunywa ya unga.

Jumanne, 24 Februari

Kichwa. Kichwa. Kichwa.

Alhamisi, 26 Februari

Nilimchukua Colette kwenye mashine. Hutoka pale amekunjamana kama shati lililokamuliwa. Nilimpeleka kwake, akakata mkate mweusi, akaweka yai na siagi, akaanza kula taratibu mbele yangu. Nami nilikuwa na chupa yangu ya lita.

"Hiyo nini unayobugia?"

"Dawa ya misuli."

"Misuli! Wewe ulikuwa na misuli lini?"

Colette anaruhusiwa vikombe vinne vya maji kwa siku, supu ikiwemo ndani yake, barafu ikiwemo ndani yake. Akizidisha, maji yanajaa mapafuni. Aliitazama chupa yangu. Mimi nikautazama mkate wake. Tulikaa hivyo, mmoja ana kiu na mwingine ana njaa, kila mmoja akimwonea wivu mwenzake, na mimi peke yangu nikijua kuna nini. Nilikaribia kusema. Nikasema theluji inakuja.

Ijumaa, 27 Februari

Samaki wa kwanza alipotoka nilimweka kwenye sahani nikampa Padre.

"Na wewe, Duane?" akauliza kwa sauti ya mimbarini, maana hana nyingine.

"Mwaka huu sili, Padre."

Nilimaanisha hivyo tu, kwamba sili. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Mimi, Duane Wierzba, nina ratili mia tatu na arobaini, nimesimama mbele ya mafuta yanayochemka na ninakataa samaki. Padre akanitazama kwa macho yaliyolowa, akagonga kengele kama siku ya Pasaka.

Jumapili, 1 Machi

Bernadine Kluck ndiye mkuu wa saladi ya kabichi, na ndiye redio ya parokia. Leo baada ya misa alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, nimesikia."

"Umesikia nini, mama Bernadine?"

"Hujatia kitu mdomoni wiki nzima. Unamfungia dada yako. Usinijibu, najua mfungo wa kweli hautangazwi."

Ningekana. Lakini ningekana nikasema nini? Ukweli ukiingia sikioni mwa Bernadine saa nne, saa tano uko kwa Colette. Nikanyamaza, na kunyamaza kukawa ushahidi.

Jumatano, 4 Machi

Theluji futi moja. Supu ya kuku iliyochujwa mpaka kuku mwenyewe asingeitambua.

Ijumaa, 6 Machi

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Watu sasa wananong'ona nami kwenye foleni. Mmoja ana mtoto wa kiume anayekwenda kwenye mtihani wa leseni ya malori. Mwingine ana ng'ombe wanaougua kiwele. Norbert, mume wa Phyllis anayemsaidia Bernadine kwenye kabichi, alisubiri watu wapungue, akainama karibu na mafuta, akaniambia nisisahau goti lake. Nikawaambia wote "sawa." Ningesemaje? Halafu Phyllis akanipa mkono wa pongezi na kuniambia nimeanza kung'aa usoni. Ni jasho la mafuta, mama.

Colette alikuwa mezani kwa pesa, kazi yake ya miaka yote. Aliponiona nampitishia Padre samaki wa kwanza kwa mara ya pili alinikodolea macho. Bahati nzuri foleni ilikuwa ndefu.

Nilipofika nyumbani nilitafuna kitambaa cha mezani. Siyo mzaha. Nilitaka tu kujua kama meno bado yanafanya kazi.

Jumatatu, 9 Machi

Nimelipa hospitali sehemu ya mwisho. Bima ya kazini inaona kunenepa nilikutaka mwenyewe, basi na kukonda nijilipie. Dola elfu kumi na sita, na hapo maziwa ya unga hayamo, hayo unanunua kama unavyonunua petroli. Pikipiki ya theluji imekwenda. Kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa, alichojenga baba, kimekwenda kwa kijana mmoja kutoka mjini ambaye aliuliza choo kiko wapi. Hilo liliniuma kuliko njaa.

Nimepungua ratili kumi na tisa. Mkanda umeingia matundu mawili.

Alhamisi, 12 Machi

Tulikuwa garini, tumetoka kwenye mashine. Colette alikuwa ameegemea kioo na nilidhani amelala.

"Duane, Pasaka ikipita nataka kuacha."

"Kuacha nini?"

"Usijifanye mjinga."

Nikaendesha. Barabara ilikuwa na barafu na nilishukuru kuwa na kitu cha kukitazama.

"Nimemuuliza daktari," akasema. "Watu wanaacha mashine. Inachukua wiki moja, labda mbili, na wanakupa dawa usisikie maumivu. Nataka niwe nimekula Pasaka na ninyi. Paja la nguruwe, mayai, kila kitu. Na ninywe bia nzima. Halafu basi."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayepanga kuhama nyumba. Hakulia. Mimi nilikuwa na habari mdomoni, nilikuwa nayo kabisa. Lakini nikamwona Todd, nikaona pazia lililofungwa, nikafikiri: na ini je? Nikifunguliwa nikafungwa tena? Nitamwambia subiri, kisha nimwambie samahani?

Nikamuuliza kama anaona baridi. Akasema hapana.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekula.

Nilikwenda stoo kuchukua sanduku jingine la samaki kwenye friza. Nilikuwa nimebeba sahani ya vipande vilivyovunjika, vile tunavyoweka pembeni kwa sababu haviuziki. Sikukusudia. Au nilikusudia tangu jana barabarani. Nilisimama kati ya friza na magunia ya viazi nikala vipande vitatu kwa mikono, moto wa kuunguza ulimi, na nikalia huku natafuna, na sijui nilikuwa nalia kwa nini hasa, kwa Colette au kwa utamu.

Mlango ukafunguka. Bernadine, na beseni la kabichi.

Nilitegemea atanikaripia. Aliweka beseni chini akafanya ishara ya msalaba.

"Ee Mungu wangu. Umeuvunja."

"Mama Bernadine, sikiliza."

"Siyo kosa lako. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja. Lakini hauwezi kukatika hivi hivi, Duane. Colette atakufa. Tutaupokea sisi."

"Kuupokea vipi?"

Alikuwa ameshaondoka. Alisahau kabichi.

Jumamosi, 14 Machi

Nilimpigia muuguzi nikakiri. Alisema vipande vitatu havirudishi ini nyuma, ila nisivifanye vitatu kuwa thelathini. Nilitaka anigombeze. Kuna siku mtu anahitaji kugombezwa.

Jumapili, 15 Machi

Niligombezwa.

Colette aliingia bila kugonga, na viatu vyake vyenye theluji mpaka katikati ya jiko langu.

"Nani kakwambia mimi nimekufa?"

"Nani kasema umekufa?"

"Bernadine kanipigia simu. Eti nisiogope, wewe umeuvunja mfungo wangu lakini wanawake saba wameupokea. Jumatatu anafunga yeye, Jumanne Phyllis, Jumatano dada yake Phyllis, ambaye hata kunipenda hanipendi. Mfungo wangu, Duane! Nimekuwa paa la kanisa, nachangiwa!"

"Colette, keti."

"Siketi! Tangu lini wewe ukafunga? Siku ya komunyo ya kwanza ulipanga foleni mara mbili!"

Nikasema nitamtengenezea kahawa nusu kikombe. Akasema atajitengenezea mwenyewe, akafungua jokofu kutafuta maziwa, na hapo akainama kuchungulia. Ndani mlikuwa na chupa za protini zimepangwa kama askari, mitungi ya supu, na jeli nyekundu. Alivuta droo ya chini, ile ya jibini. Nyumba yetu haijawahi kukosa jibini tangu babu ashuke kwenye meli iliyomleta nchi hii. Droo ilikuwa tupu.

Aligeuka, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Una kansa," akasema polepole. "Umekonda. Una kansa, ndiyo maana unanificha."

Hilo sikuliweza. Nikamwambia yote: hospitali ya kupandikiza, ini, Daktari Vang, tarehe 25, ratili mia, mwaka mzima wa kusubiri baada ya hapo, na kwamba hata hivyo huenda wakakataa. Alisikiliza amesimama, mkono bado kwenye mlango wa jokofu, na baridi ikitoka.

"Pikipiki ya theluji?"

"Nimeuza."

"Kibanda cha baba?"

"Nimeuza."

Akavua glavu akanipiga nayo kifuani. Halafu akanipiga tena.

"Ukatwe tumbo ili baadaye ukatwe ubavu! Mara mbili! Nani kakuomba?"

"Hakuna."

"Basi sitaki. Nimechoka kutakiwa nipone, unasikia? Kila mtu ananitaka nipone, na anayekaa kwenye kile kiti ni mimi."

"Nilitaka niwe na uhakika kwanza. Baada ya Todd..."

"Todd alinidanganya kwa kutojua. Wewe ulijua." Sauti ilishuka, na hapo ndipo iliponiuma. "Alhamisi nilikwambia nataka kufa, Duane. Nilikuwa nimekaa hapo pembeni yako. Ulikuwa unajua kuna mtu anakuja, na mtu mwenyewe ni wewe, na ukaniuliza kama naona baridi."

Alivaa glavu. Aliondoka bila kufunga mlango wa jokofu, wala wa nyumba.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema chochote kuhusu anayeficha dawa. Nilidhani namkinga na maumivu. Kumbe nilikuwa najikinga mimi, nisiwe Todd.

Jumanne, 17 Machi

Colette amekwenda kwenye mashine kwa gari la Phyllis. Phyllis alikuwa na njaa. Ilikuwa zamu yake.

Jumatano, 18 Machi

Mvua juu ya theluji. Supu. Simu haikupokelewa.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nimeuvua utakatifu. Samaki wa kwanza alipotoka, kabla Padre hajanyoosha mkono kwenye kengele, nikawaambia wote wasimame kidogo.

Nikasema: sifungi. Nakunywa protini kwa sababu Jumatano napunguzwa tumbo, na napunguzwa tumbo ili nikipungua nimpe Colette figo yangu moja, kama ataitaka. Ijumaa iliyopita nilikula samaki stoo. Yule mtoto wa malori sikumwombea. Samahani.

Mafuta tu ndiyo yaliyokuwa yanazungumza.

"Na goti langu?" akauliza Norbert kutoka katikati ya foleni.

"Hilo nalo nilisahau."

"Lakini limepona!"

Watu wakacheka mpaka Padre akashika ukuta. Bernadine hakucheka. Alijifuta mikono akasema kwa sauti kavu, "Sisi tumeshaanza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tutafunga mpaka Jumatano, awe mtakatifu, asiwe mtakatifu. Na huyo samaki anapoa."

Ni kweli alikuwa anapoa, na hakuna aliyejua nani amle. Ndipo Colette alipoinuka mezani kwa pesa. Alipita mbele ya watu wote, akachukua kile kipande kwa vidole, akakila chote amesimama, bila kunitazama hata mara moja. Akarudi kukaa. Kengele ikalia.

Jumanne, 24 Machi

Leo ni vya maji maji tu, vile unavyoweza kuona kidole ukikitumbukiza. Nimepungua ratili thelathini na moja. Naogopa kisu, na naogopa ini zaidi. Colette hajasema neno. Nimemwachia ujumbe wa sauti wenye jina la hospitali na namba ya chumba, na kwamba sitamlaumu kwa lolote atakaloamua baada ya Pasaka. Haikuwa rahisi kusema hivyo, lakini nilisema.

Ijumaa, 27 Machi

Naandika nimekaa nusu. Tumbo linauma kama nimepigwa teke na ng'ombe, na nimewahi kupigwa teke na ng'ombe.

Juzi nilipoamka Daktari Vang alikuwa miguuni pa kitanda. "Ini limepungua vizuri," alisema. "Nilipita bila kupiga hodi." Akaenda zake. Nililala tena.

Nilipoamka mara ya pili kulikuwa na mwanga wa alasiri, na Colette alikuwa kwenye kiti, koti bado mwilini. Muuguzi alileta kikombe cha plastiki, vile vidogo vya dawa, na maji kidogo ndani.

"Hicho ndicho wanachokupa?" Colette akauliza.

"Kila robo saa."

Nilitaka kukigugumia. Akanishika kifundo cha mkono.

"Siyo hivyo. Utakimaliza na kiu itabaki palepale. Weka kidogo chini ya ulimi, fumba mdomo, hesabu mpaka kumi, ndiyo umeze." Alinitazama nikifanya. "Umeona? Miaka mitatu nimejifunza hicho kimoja."

Tulikaa. Nikanywa kikombe kizima kwa namna hiyo, na kweli kilitosha.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Mwaka, ulisema."

"Mwaka. Labda zaidi. Na huenda wakakataa mwishoni."

"Ukishindwa utaniambia?"

"Siku hiyohiyo."

"Ukila samaki stoo?"

"Nitakupigia simu na mdomo umejaa."

Alitaka kucheka akajizuia. Akavua koti, akalikunja mapajani, akatazama dirishani kwa muda mrefu, kule theluji inakoyeyuka kwenye uwanja wa magari.

"Jana kwenye mashine waliniuliza kuhusu baada ya Pasaka," akasema. "Nikawaambia kiti changu wasimpe mtu."

Muuguzi alikuja na kikombe kingine, na Colette ndiye aliyekishika.

"Kunywa taratibu," akaniambia. "Mimi nangoja."